Lori la Baba Mkwe na Oili Iliyogoma Kukaa Ndani

Kijana akija kwangu siku hizi kulalamika kwamba gari lake linavuja oili, mimi humwuliza swali moja tu: umeiosha injini? Hapo huanza kujikuna kichwa. Hajaiosha. Ameona tone chini ya gari, akatazama juu kidogo, akaona gasketi, ile karatasi ya kuziba mshono, iliyo karibu na tone, akanunua nyingine na kuifunga. Siku ya tatu tone limerudi. Sasa anataka nikubaliane naye kwamba gasketi za siku hizi ni mbovu.

Gasketi si mbovu, mwanangu. Ila simcheki sana, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla baba yake hajazaliwa, na nililifanya kwenye lori la baba mkwe wangu. Nyinyi mlioa juzi mnajua uzito wa maneno hayo.

Nianze na kwetu Nyamarambe, nilipozaliwa. Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, magari yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Siku moja lilipita gari moja likaacha matone meusi barabarani, moja hapa, lingine hatua kumi mbele. Tukawaacha mbuzi, tukayafuata matone hadi sokoni, na kweli, gari tukalikuta limesimama mbele ya duka. Mbuzi nao tukawakuta wakila ulezi katika shamba la watu, na viboko nilivyopata jioni ile bado navikumbuka. Lakini nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikiamini nimejifunza jambo kubwa: ukifuata tone utafika linakotoka.

Nilikuja kugundua ukubwani kwamba tone hukufikisha kwenye gari tu. Tundu lenyewe halikuonyeshi.

Aliyenifundisha hilo ni fundi Okech, Mjaluo wa upande wa ziwa, aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita. Vita vilipokwisha akaja kufanya kazi katika gereji mjini Kisii, na mimi nikawekwa chini yake. Yeye hakujua Ekegusii, nami sikujua Kijaluo, basi tukaelewana kwa Kiswahili chetu cha bara, kile ambacho mtu wa Mombasa akikisikia hushika kiuno. Miezi mitatu ya kwanza Okech hakunipa spana. Alinipa mafuta ya taa, brashi na matambara.

"Osha," aliniambia.

"Nimeosha, fundi."

"Umeosha mahali unaona. Osha mahali huoni."

Nilimchukia miezi hiyo mitatu, nasema ukweli. Baadaye ndipo nilipoelewa. Oili ni kitu kitelezi. Huanzia juu, pengine kwenye kifuniko cha vali, ikashuka taratibu ubavuni mwa injini. Gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Hupita kwenye mshono huu, ikazunguka bolti ile, ikafika kwenye sampu, lile beseni la oili lililo chini kabisa, na hapo ndipo hudondoka. Wewe uliyelala chini unaona sampu inalia, unadhani sampu ndiyo mgonjwa. Mgonjwa yuko juu, amenyamaza.

Basi Okech, injini ikishaoshwa na kukauka, aliinyunyizia unga wa ngano, akaiwasha, akangoja. Penye tundu, oili hutoka na kuchora mstari mweusi kwenye unga. Ulikuwa ujanja mzuri, ila ule unga uliganda kama uji, na panya wa gereji walituzoea mno. Hapo nami nikachangia akili yangu ndogo. Kwetu si mbali na Tabaka, wanakochonga mawe laini. Mjomba wangu alikuwa mchongaji, kila jioni alirudi nyumbani mweupe hadi kope. Nikaenda kwake nikajaza mkebe unga wa lile jiwe. Ni laini, hushika kwenye chuma, hauliwi na panya, na oili ikiugusa tu, hata kidogo kiasi cha jasho, unaiona. Okech aliupaka kwenye kidole akautazama, kisha akasema, "Sasa umeanza kuwa fundi." Siku hiyo nililala usingizi wa mfalme.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Mlizingatie hilo, maana kosa langu halikutokana na ujinga. Lilitokana na adabu.

Nilikuwa nimemwoa Kemunto, binti ya Mzee Nyabuto wa Sironga, karibu na Nyamira. Mzee Nyabuto alikuwa Msabato wa kushika kila amri, mtu mrefu mwenye koti la kahawia alilolivaa hata juani. Miaka mingi aliweka akiba hadi akanunua lori kuukuu lililotoka jeshini. Mlima mzima ule haukuwa na gari lingine. Lori lile lilipeleka ndizi Kisii na Nyaramba, lilipeleka maharusi kanisani, na mama aliyezidiwa na uchungu lilimfikisha hospitali. Mzee aliliendesha mwenyewe, polepole, akiliongelesha kwenye milima.

Sasa, sisi Abagusii tuna kitu tunakiita chinsoni, zile haya na heshima baina ya wakwe, na baina ya wazazi na watoto wao waliokomaa. Mbele ya baba mkwe hukai ovyo, huvui shati, hujilazi. Humkatalii neno usoni. Ukiwa na la kumwambia, unamtuma mtu. Na kazi ya fundi wa magari ni ipi? Ni kulala chali shati likiwa wazi.

Basi Mzee alipoleta lori gereji mara ya kwanza likidondosha oili, ilikuwa vituko. Nikiingia chini ya gari, yeye anasogea kutazama. Akisogea, mimi natoka mbio nasimama wima na kujifuta mikono. Akirudi kwenye kivuli, naingia tena. Okech alituangalia kwa muda akaniuliza kama nina upupu.

"Ni sampu," Mzee aliniambia, akitazama pembeni kama desturi inavyotaka. "Nimeona mwenyewe. Inadondoka pale."

Ulimi ulitaka kusema tuoshe kwanza. Nikasema, "Ndiyo, tata. Ni sampu." Tata kwetu ni baba.

Nikafungua sampu, nikabadilisha gasketi, nikafunga kwa ustadi wote niliokuwa nao. Wiki moja baadaye lori lilirudi, sampu inalia vilevile.

Okech hakunipigia kelele. Alingoja Mzee aende sokoni, akaniita kando. "Umeosha?"

"Sijaosha. Mzee alisema ni sampu."

"Sikia, kijana. Injini hajui mkwe. Yeye anajua oili tu. Enda oshe."

Nikaosha. Na nilipofika nyuma, mahali ambapo huoni, nikakuta jambo. Injini zile zilikuwa na bomba la kupumulia. Pistoni zikifanya kazi, moshi kidogo na joto hupenya hadi chini, kwenye oili, na ni lazima vipate pa kutokea. Vikikosa njia, vinajaa ndani na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu: kwenye kifuniko cha vali, kwenye sampu, kwenye kila mshono. Unaweza kubadilisha gasketi hadi Yesu arudi, zote zitavuja.

Bomba la lori lile lilikuwa limezibwa kwa gunzi la mahindi.

Mkicheka, chekeni kwa adabu. Kwetu kila chombo chenye mdomo huzibwa kwa gunzi. Kibuyu cha maziwa, gunzi. Chupa ya mafuta ya taa, gunzi. Mtu akiona bomba liko wazi linatoa moshi, na barabara ya Nyaramba ilivyokuwa na vumbi, mkono wake utatafuta gunzi wenyewe. Na gunzi lile lilikuwa limechongwa vizuri kwa kisu, likakaa sawasawa. Nilimjua mwenye mkono ule. Lori halikuguswa na mtu mwingine.

Nilisimama pale nimelishika. Nimwambie baba mkwe kwamba aliyeharibu lori lake ni yeye? Kwa kinywa gani? Nikaona njia rahisi. Nikalitupa gunzi nyuma ya banda, nikafunga gasketi mpya, nikanyamaza. Nikajiambia heshima imetunzwa na lori limepona, kila mtu amebaki na chake.

Kweli, wiki tatu lori lilikuwa kavu. Mzee akanisifu kanisani, mbele ya watu. Nilijivuna, jamani. Kemunto aliniambia natembea kama niliyemeza fimbo.

Kisha habari ikaja kwamba lori limekwama kwenye mlima wa kupanda Manga likiwa limejaa ndizi. Oili ilikuwa imeisha, injini ikaanza kugonga. Kilichoiokoa ni sikio la Mzee. Alisikia kule kugonga kwa chuma akazima papo hapo. Dereva mwingine angeendelea hadi kila kitu kishikane. Lakini lilibidi livutwe hadi Sironga kwa ng'ombe. Ng'ombe wanane, wakapita nalo katikati ya watu wa soko, na Mzee Nyabuto akitembea mbele na koti lake, hatazami kulia wala kushoto. Watu walipiga vigelegele kana kwamba ni bibi harusi.

Kemunto alirudi kutoka kwao macho yamevimba. "Baba anauza lori," akaniambia. "Kuna mfanyabiashara wa Kisii anakuja Jumapili kulichukua. Baba anasema injini imekufa, na wewe ulimficha."

Neno hilo la mwisho lilinichoma. "Aliniambia ni sampu!"

"Na wewe ulijua si sampu?"

Nikamweleza kuhusu gunzi. Akacheka huku analia. "Kwa hiyo ulilitupa tu. Baba akakuta bomba liko wazi, akadhani gunzi limeanguka njiani. Wewe ungefanyaje, kama si kuweka lingine?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kwa wiki tatu nilijiona mwenye hekima, kumbe nilimwachia mtu ugonjwa wake mkononi bila kumwambia jina lake.

"Mwambie wewe," nilimsihi Kemunto. "Ni baba yako."

"Nimwambie baba habari za mabomba? Mimi? Nenda wewe uliyesomea."

Nikamkimbilia Okech, nikamwomba anisemee, maana yeye si mkwe wa mtu pale. Alikataa akiwa ameshika kikombe cha chai. "Mimi nikisema, atasikia Mjaluo anatukana yeye nyumbani kwake. Lori itauzwa kesho yake. Ni mkono yako ilinyamaza, ni mdomo yako itasema." Kisha akanipa mkebe wangu mwenyewe wa unga wa jiwe. "Mzee haamini maneno. Onyesha."

Nilifika Sironga Ijumaa, jua limeshapita utosi. Jua likizama Sabato inaingia, na kwa Mzee Nyabuto baada ya hapo hakuna kuwasha injini hadi Jumamosi jioni, na Jumapili mnunuzi yuko mlangoni. Nilikuwa na mchana uliobaki tu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na lori, mgongo ameligeuzia. Nilimsalimu kwa mbali. Aliitikia vizuri, na huo wema wake ulinitia uchungu kuliko angenifokea.

"Nimekuja kulitazama, tata."

"Litazame. Bado ni langu hadi Jumapili."

Niliosha injini ile mahali ninapoona na mahali nisipoona. Nikaifuta hadi ikakauka. Gunzi la pili nililikuta kwenye bomba, limechongwa vizuri zaidi ya lile la kwanza, limefungwa kwa kitambaa na waya lisianguke tena. Sikuligusa. Nikatia oili hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, nikaipaka injini unga wa jiwe juu hadi chini, na sampu pia, ikawa nyeupe pee. Nikaiwasha. Ilinguruma vizuri, haikugonga. Machozi yalinilengalenga, nikayafuta kabla hayajaonekana.

Sikungoja sana. Kwenye mshono wa kifuniko cha vali unga ulianza kuwa na unyevu, kisha mstari mweusi ukateremka. Ukatokea mwingine, na wa tatu. Nikazima, nikatandika gunia, nikaingia chini. Mistari yote ilifika kwenye sampu, lakini gasketi ya sampu yenyewe ilikuwa nyeupe, kavu. Nikaona viatu vya Mzee vimesimama kando ya gurudumu.

"Unaona nini huko?"

Desturi ilisema nitoke nisimame. Lakini nikitoka, nani angeonyesha? Nikabaki nimelala. "Tata, hili haliwezi kuonekana kutoka huko."

Viatu havikusogea kwa muda. Kisha koti la kahawia likavuliwa, likatandikwa kando ya gunia langu, na Mzee Nyabuto akajilaza juu yake, akajivuta hadi chini ya lori, bega lake karibu na langu. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko. Aliona miguu ya mumewe na ya mkwewe imetokeza pamoja chini ya lori, akajifunika mdomo kwa kanga na kurudi ndani haraka.

"Onyesha," Mzee akasema.

Nikafuata mstari kwa kidole kutoka kwenye tone hadi juu. "Sampu ni nzima. Inatoka kule juu. Inasukumwa."

"Inasukumwa na nini?"

"Injini inapumua, tata. Kuna bomba nyuma pale la kutolea pumzi. Limezibwa."

Aligeuza shingo kulitafuta. Nilisikia kuku wakiparua upande wa pili wa gurudumu.

"Na nani?"

Sijawahi kukaza nati iliyokuwa ngumu kuliko jibu lile. "Ni wewe, tata."

Alibaki akitazama sampu. "Niliona moshi," akasema mwishowe. "Nikadhani nguvu inapotea. Na vumbi." Kisha akanigeukia, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Lile la kwanza halikuanguka njiani."

"Nililitoa mimi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliona aibu."

"Basi tumekosa wawili," akasema. "Toa hilo. Jua haliningoji mimi wala wewe."

Nikalitoa. Kifuniko cha vali nilikikatia gasketi mpya kutoka kwenye karatasi ngumu niliyokuja nayo, nikiikunja pembeni mwa chuma na kuigongagonga kwa nyundo ndogo hadi umbo likajikata lenyewe. Hiyo nayo ni kazi ambayo nyinyi hamtaki tena kujifunza, mnanunua kila kitu kwenye pakiti. Nikaosha tena, nikapaka unga tena, nikawasha. Bomba likatoa moshi wake taratibu. Tukasimama wawili tukitazama injini nyeupe, na jua likitazama mlima. Mzee alipitisha kidole kwenye mshono, akakiinua juu. Kilikuwa cheupe. Akarudia mahali pengine, na pengine, hadi vidole vyote vitano vikawa vyeupe, na bado hakuridhika. Kisha akazima injini kwa mkono wake mwenyewe, akavaa koti lake lenye vumbi la gunia, akaenda kunawa kwa ajili ya Sabato. Gunzi aliliweka mfukoni.

Jumapili asubuhi nilikuwa tena chini ya lori, kwa sababu gasketi mpya hukazwa mara ya pili baada ya injini kupata moto na kupoa, nalo hilo mlishike. Nikasikia mfanyabiashara wa Kisii amefika, anamsalimu Mzee kwa sauti ya mtu ajuaye anakuja kuchukua kitu kibovu.

"Mzee, nimekuja kuchukua ile mzigo."

"Mzigo upo," Mzee akamjibu. Akaingiza mkono mfukoni, akampa lile gunzi na waya wake. "Kilichokuwa kibovu ni hiki. Chukua, sikudai kitu."

Yule bwana alibaki ameshika gunzi, analigeuza huku na huku, akitafuta pa kucheka. Nami nilianza kujivuta nje ili nisimame wima na kujifuta mikono, kwa kuwa hatua za Mzee zilikuwa zinakuja upande wangu. Nikasikia amelipiga lori makofi mawili kwenye boneti, kama anavyofanya akilipongeza likishapanda mlima.

"Lala huko huko, fundi," akasema. "Maliza kukaza."